Mtu Aliyefungwa Mguu

"Usimwachie tena mtoto," Teodora alimwambia jirani yake Akeyo pale bombani, akijaza ndoo ya pili. "Mzee Venant anapiga ramli. Nimemwona kwa macho yangu haya, kakaa na karata ya mtu aliyenyongwa, anaongea nayo. Utakuja kukuta mwanao kageuzwa kuku!"

Akeyo alicheka, lakini maji yakamwagika. Kila asubuhi, kabla ya kwenda soko la Mwaloni kununua dagaa, alimwachia mzee huyo binti yake Queen, wa mwaka na nusu. Tangu ahamie Igogo hakuwa na mwingine wa kumlelea. Na Mzee Venant wa kupiga ramli ni yupi? Alisomea upadre, akaacha. Akakata tiketi kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi miaka ishirini na sita, hadi daraja lilipofunguliwa na kivuko kikakosa abiria. Hakuoa. Hata nguo za kulalia alizipiga pasi.

Akeyo, Queen mgongoni, akamkuta mzee barazani, mguu wa kushoto juu ya kigoda, bendeji imelowa.

"Shikamoo babu. Wanasema una karata."

"Marahaba. Ninayo, ila si ya ramli." Akaichomoa kwenye kitabu chake cha sala. "Mzungu aliidondosha kivukoni. Tazama."

Mtu ananing'inia mtini kwa mguu mmoja, kichwa chini. Lakini uso umetulia, kama anayesubiri chai.

"Seminarini tulifundishwa habari za Wastoiko," mzee alisema, "wanafalsafa wa kale. Walisema kuna vilivyo vyako na visivyo vyako. Kamba si yake huyu. Mti si wake. Hata mguu si wake, mwili wote ni wa kuazima. Kilicho chake ni namna anavyolipokea jambo. Ndiyo maana hanuni."

"Na nani kamfunga?"

"Haijalishi."

"Babu! Kama ni mwizi wa dagaa je?"

Mzee akacheka. Halafu akamweleza: daktari kasema Jumatatu mguu ukatwe, chini ya goti. Sukari imeshaula. Wiki tatu anaitazama karata apate jibu.

"Asubuhi nasema, kama mguu si wangu, nang'ang'ania nini? Waukate. Jioni nasema, kama si wangu, nahangaika nini kuutibu? Niache tu, nitulie kama huyu. Falsafa ni hiyohiyo moja, mama Queen. Inanivusha Busisi, inanirudisha Kigongo."

Darasa la saba la Akeyo halikufika huko. Akaichukua karata, akaigeuza juu chini. Sasa mtu yule kasimama kwa mguu mmoja, kama anacheza ngoma.

"Na hivi, maana yake nini?"

Mzee aliitazama. "Sijui. Kweli, sijui."

Queen alishuka mgongoni, akaenda kuivuta bendeji. Akeyo aliinama kumtoa, na hapo harufu ikamfikia. Ilimtisha kuliko karata.

"Babu," alisema polepole, "huyu akitulia, anatulia na mguu mzima. Wako unaoza."

Mzee aliutazama mguu, si karata.

"Jumatatu twende wote, mwanangu," alisema. "Tukifika mlangoni hospitali nitaanza kukueleza kwa nini si lazima. Nitaeleza vizuri sana, mpaka utakubali. Nakuomba usinisikilize. Nisukume ndani."