Bitiruti Mlangoni

Nilirudi kijijini kwetu Gare nikiwa nimepumzishwa matibabu ya mionzi. Kansa ya kizazi ilikuwa bado tumboni, lakini ile mashine ya Dar es Salaam, katika kuiunguza, ilikuwa imezishusha pia chembe nyeupe za damu yangu, zile zinazopigana na maradhi. Daktari alinieleza waziwazi: nile, nipumzike, nisisogeleane na watu, maana kwa damu ile hata mafua yangeweza kunimaliza. Chembe zikipanda, nirudi kumalizia. Zisipopanda, hakuna mionzi, na uvimbe utaendelea kukua.

Nikajiuliza nitawazuiaje watu wa kijiji cha Ujamaa wasije kunipa pole. Ilikuwa miaka ya udugu. Tulilima pamoja, tukapanga foleni ya sabuni pamoja, na mikutanoni kila mtu alikuwa ndugu. Nilijisumbua bure. Ndugu zangu hawakuja.

Ilikuwa imeshaenea kwamba mionzi hubaki mwilini na humrukia anayekaa karibu. Mwenezaji alikuwa jirani yangu wa upande wa juu, mwanamke ambaye hajawahi kufika hata Muheza, lakini habari za mionzi alizijua kana kwamba kaipika yeye. Siku niliyofika alinipa chai uani kwake, na nilipomaliza akaniambia niende tu na kikombe. Kikombe kizima cha bati, wakati duka la ushirika halina hata kijiko! Hapo nikajua naogopwa kweli.

Huruma yao waliituma kwa bitiruti. Damu imeshuka, bitiruti ni nyekundu, basi mambo yamekwisha. Kila asubuhi nilikuta rundo mlangoni, na walioliweka walikuwa wameshatimua mbio. Shangazi yangu alisimama ng'ambo ya mfereji, khanga puani. Nilimwamkia, kisha nikamweleza kwamba zilizoshuka ni chembe nyeupe. Akacheka.

"Damu nyeupe, mwanangu? Hao madaktari wamekuona mtu wa milimani, wamekuchezea. We kula bitiruti."

Mwenyekiti wa kijiji naye, aliyekuwa akiwatoa hata wenye homa kwenda shamba la pamoja, mimi alinisamehe bila kuombwa. Alinitangazia msamaha huo kutoka barabarani, akaongeza mwendo.

Niliporudi Dar, muuguzi alipima damu, akafurahi. Chembe nyeupe zimepanda. Akanisifu: nimewezaje kuwakwepa watu, wakati wenzangu wanarudi na vikohozi vya wageni waliokuja kuwapa pole? Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Waoga wale walikuwa wamenilinda vizuri kuliko mlinzi wa kulipwa. Nikamalizia mionzi yangu, nikapona, na kijijini sifa zote zikaenda kwa bitiruti.

Masika yaliyofuata jirani yangu alipiga hodi, akaingia moja kwa moja mpaka jikoni, akakaa. Alikuwa anatokwa na damu, na hedhi yake ilishakoma zamani. Anatakiwa Dar, kwenye mashine ileile. Matusi niliyokuwa nimemwekea yalikuwa mengi, na mengine mazuri sana. Nilimtazama, nikainuka, nikamtilia chai katika kile kikombe cha bati.

Alikitambua. Akakishika kwa mikono miwili, akanywa.

"Dada, hiyo mionzi inauma?"

"Haiumi," nikamwambia. "Kinachouma ni kurudi nyumbani."