Mwanangu Si Kitunguu

Usiku ule simu ya Kasuku ilikuwa imezimwa. Mimi nilikaa mbele ya cherehani nikijifanya napinda sketi ya shule ya mtoto wa watu. Baba yake alikuwa chumbani akijifanya amelala. Nilijua hajalala kwa sababu hakuwa anakoroma.

"Mama Kasuku, njoo ulale. Simu zao zinakusanywa kwenye beseni wakianza kurekodi tamthilia. Si alikwambia mwenyewe?"

"Alisema atarudi kabla ya giza."

"Hakusema giza la leo."

"Basi wewe lala."

"Nitalalaje na roho yako inadunda mpaka huku?"

Nikazima taa, nikabaki gizani na sketi ya watu mapajani.

Kasuku ni binti yetu. Jina la kwenye vyeti analo, lakini halina kazi mtaani kwetu. Tangu alipoanza kusema alikuwa anaigiza watu. Alimuigiza jirani anavyopiga chafya, mwalimu mkuu anavyopandisha suruali, na msomaji wa taarifa ya habari. Alishika mwiko kama kipaza sauti akatutangazia: "Habari za nyumbani. Mama amekasirika. Baba hajulikani alipo. Ugali umeungua."

Mtazamaji wake alikuwa mdogo wake, tuliyemwita Bwana Mkubwa kwa vile alivyokuwa mdogo wa umbo na mkubwa wa amri. Huyo alicheka mpaka akaanguka kwenye mkeka. Kicheko chake kilitoka kwa vipande, kama pampu ya baiskeli iliyochoka, na mwisho kilipanda juu ghafla.

Jambo jingine la kumjua Kasuku ni kwamba alikuwa na vilio viwili. Akivunja kikombe, sauti ilitangulia, kubwa, kisha mabega, kisha machozi yakafuata yenyewe. Kilio hicho kiliwalainisha bibi yake, walimu, na baba yake kila siku. Mimi nilimwuliza tu, "Kitunguu umekificha wapi?" Hapo aliangua kicheko na mashavu bado yamelowa. Kilio cha kweli kilikuwa kingine. Alifunga mdomo, akabana pumzi, na baada ya kimya kirefu ikaja kwikwi moja ndogo, kama ya mtu aliyepaliwa na maji. Hicho wengi hawakukisikia kabisa.

Bwana Mkubwa alitutoka kwa homa, wodini, kabla meno yake ya mbele hayajaota tena. Baada ya msiba nyumba ilikaa kimya muda mrefu. Halafu siku moja Kasuku, akiosha vyombo, akacheka kicheko cha mdogo wake, vipande kwa vipande, mpaka kule juu. Sufuria lilinitoka mikononi. Nikamwambia, "Rudia." Akarudia. Toka siku hiyo, akiniona nimeinama sana kwenye cherehani, alipita nyuma yangu akanichekea kile kicheko. Picha ya mtoto wangu ninayo moja, tena imefifia. Sauti yake alikuwa nayo Kasuku.

Kwa hiyo alipochukuliwa kwenye darasa la vipaji vipya vya tamthilia ya televisheni, sikushangaa. Walioomba walijaa uwanja mzima, wakachukuliwa wachache, na kati ya hao wangebaki wachache zaidi baada ya kazi ya mwisho. Tulifurahi sote. Jioni alitufundisha aliyofundishwa. Alichora alama ya chaki sakafuni, akamwamrisha baba yake atembee hadi pale asimame bila kutazama chini. Baba yake ni fundi bomba, mtu wa magoti mazito. Akaipita alama, akagonga kabati.

"Kata!" Kasuku akapiga kelele. "Baba, umeliua kabati!"

Ndiyo maisha tuliyokuwa nayo kabla ya usiku ule.

Alirudi alfajiri. Macho yamevimba, sauti imekauka, viatu mkononi. Nilimvuta ndani.

"Nimelia, Mama," akasema. "Mwalimu anasema sasa nimefunguka."

Mwalimu ni huyo anayewafundisha. Nikampa maji, na kidogo kidogo akanieleza. Siku ya kwanza ya darasa, kila mmoja alikaa na Mwalimu peke yake akamwambia jambo lililowahi kumuumiza kuliko yote. Mwalimu hulitunza. Siku ya kurekodi, machozi yakigoma, anakuja sikioni mwako na kukukumbusha, na kamera inawashwa papo hapo. Yeye anaita kufungua bomba.

"Nilikuwa nimekauka, Mama. Tumerudia, tumerudia, watu wanapiga miayo. Akanisogelea akaninong'oneza neno moja."

"Neno gani?"

Akatazama mlango wa chumba ambacho zamani walilala wawili.

"Kesho."

Sikuelewa. Ikabidi anieleze. Jioni ya mwisho kule wodini, mimi nilipokuwa nimeenda kutafuta maji ya moto, Bwana Mkubwa alimwomba: "Dada, muigize Baba anavyokoroma." Kasuku alikuwa amechoka. Akamjibu, "Nitamuigiza kesho."

Kesho yenyewe haikumkuta mtoto.

Miaka yote hiyo nilikuwa sijui. Mwanangu alilala na neno hilo peke yake, na sasa lilikuwa kwa mtu baki, analitoa akipenda kama mtu anayetoa leso mfukoni. Nilimshika Kasuku kichwa nikamwambia mdogo wake hakwenda na kinyongo, watoto hawana daftari la makosa. Akaitikia. Lakini aliniitikia vile mtu anavyomwitikia mgonjwa.

Baada ya hapo Kasuku hakuwa Kasuku. Alilia akipanga vyombo, alilia redio ikitangaza hali ya hewa. Siku moja nikamwomba, kwa ujinga wangu, "Hebu nichekee kidogo." Akafungua mdomo. Kilitoka kipande kimoja cha kicheko, kikakatika, ikaja kwikwi. Akakimbilia uani.

Baba yake alikuwa mlangoni na mkoba wake wa spana.

"Bomba likifunguliwa kwa nguvu kila siku," alisema, "mpira wake unakufa. Baada ya hapo hata ukilifunga linavuja."

"Basi amwambie yule mtu asimfungue tena."

"Amwambie nani? Akimwambia si atatolewa?"

Hapo ndipo tulipokwama. Ndoto ile ilikuwa yake tangu enzi za mwiko. Nilimsihi aache, akaniambia, "Mama, imebaki kazi moja. Nikiacha sasa, nitakuwa nimemtoa mdogo wangu bure."

Asubuhi ya kazi ya mwisho nilimtilia kitunguu kwenye mkoba. Alikigusa akitafuta kitana, akakitoa.

"Mama jamani!"

"Kakae nacho tu. Hakili chakula."

Akatabasamu, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akakirudisha ndani. Alipotoka nikafunga cherehani, nikajitanda khanga, nikamfuata.

Walikuwa wanarekodi kwenye nyumba ya kupanga mwisho wa barabara ya vumbi. Nyaya nene zilipita dirishani, mapazia meusi, na juu ya mlango wa sebule taa nyekundu. Kwenye korido palikuwa na mlinzi ambaye kazi yake ilikuwa kunyamazisha watu.

"Taa ikiwaka, mama, hakuna kukohoa," alininong'oneza. "Jogoo wa jirani mwenyewe tumemfunika kapu."

Mwalimu alipita na karatasi zake. Nilisimama mbele yake.

"Shikamoo, mama," akasema. Mtu mwenye adabu, simsingizii.

"Marahaba, baba. Mimi ni mama yake Kasuku. Nimekuja kuomba jambo moja. Mwanangu aliyekufa msimtumie tena."

Akashusha karatasi. "Mama yangu, mimi nalea vipaji. Kamera haidanganywi. Mtazamaji anajua machozi ya uongo."

"Kulea nakujua. Aliyekufa si kitunguu, kwamba kila mkitaka machozi mnamkata."

"Binti yako ana kitu ambacho wenzake hawana. Leo akilia vile alivyolia, kesho nchi nzima inamjua."

Neno "kesho" alilisema hivihivi, hata hakulisikia. Mimi nililisikia. Akaingia, mlango ukafungwa.

Niliketi kwenye kiti cha plastiki. Ndani watu walisogeza vitu, kisha kimya. Nikajua sasa Mwalimu anamsogelea sikioni. Ndipo nikasikia sauti ya mwanangu, wazi kabisa:

"Hapana, Mwalimu. Usiniambie kitu."

Minong'ono. Halafu Mwalimu, kwa sauti ya juu: "Sawa. Lakini ukinipa kilio cha uongo, leo hii unarudi nyumbani na mama yako. Yuko hapo nje."

Taa nyekundu ikawaka. Mlinzi akajiwekea kidole mdomoni akinitazama.

Sauti ndiyo iliyotangulia. Kubwa, ikapanda, ikapasuka katikati. Nikayaona mabega bila kuyaona. Kisha nikasikia pumzi zinavyolowa, machozi yanafuata yenyewe. Kilikuwa kilio cha kikombe kilichovunjika, kilekile, ila sasa kimekua, kimefundwa, kina alama yake ya chaki pale kinapopaswa kusimama. Mlinzi alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. Mimi nilibana khanga mdomoni nisimwulize kwa sauti kitunguu amekificha wapi.

"Kata!" Mwalimu alipaza sauti. "Mmeona? Mmeona? Hicho ndicho kilio cha kweli!"

Wakapiga makofi. Viti vikaburutwa, wakatokea mlango wa uani wakicheka na kuitana chai. Taa ikazimika.

"Sasa ingia, mama," mlinzi akasema. "Binti yako amepita huyu."

Nilisimama. Nilikuwa nimeshika kitasa nilipoisikia. Ilikuwa karibu sana, upande wa pili wa mbao, kama mtu ameegemea hapo kwa mgongo. Kimya kirefu, halafu kwikwi moja ndogo, kama ya mtu aliyepaliwa na maji.

Niliachia kitasa. Nikaweka kiganja kwenye mbao, mahali nilipodhani mgongo wake upo, na mlango ukabaki umefungwa.