Gundi na Beki Wake

Mume wangu walimwita Gundi kwa sababu mpira ukifika mikononi mwake, hautoki. Mchana alichomelea madirisha, jioni alidaka. Beki wake alikuwa kaka yangu, na kaka yangu, niseme kweli, alikuwa mwoga. Akibanwa tu, anamrudishia Gundi mpira, Gundi anaudaka, mambo yamekwisha. Miaka minane watu walimsifu kaka kwa kazi ya mume wangu.

Halafu sheria ikabadilika: beki akirudisha mpira kwa mguu, kipa haruhusiwi kuushika. Mechi ya kwanza kaka akabanwa, akarudisha kama kawaida yake. Gundi, kwa mazoea, akaudaka. Refa akapuliza filimbi, ikapigwa faulo ndani ya boksi, tukafungwa. Kaka akamnyooshea Gundi kidole mbele ya uwanja mzima!

Alipopewa ukocha, jambo la kwanza alilofanya ni kumweka mume wangu benchi.

"Shemeji, siku hizi kipa ni miguu. Wewe una mikono tu."

Wachezaji wakaangua kicheko. Gundi alirudi nyumbani, akalala bila kula. Mimi ndiye niliyewaka.

"Baba watoto," nikamwambia, "huyu tutamkomesha."

Mwaka mzima, kila asubuhi, tulikuwa nyuma ya karakana yake. Namrushia mpira, anautuliza kwa mguu, ananirudishia. Wa kulia, wa kushoto. Vidole vilimvimba hadi buti haliingii. Akitaka kuacha, namtajia kaka tu, anaendelea.

Timu pinzani ikamsajili. Siku tuliyokutana na kina kaka, nikiwa jukwaani nilimsikia kaka akiwapigia kelele washambuliaji wake: "Mwacheni huyo mzee! Atajifunga mwenyewe!"

Wakamwacha. Dakika ya themanini Gundi akatulia na mpira miguuni, akainua macho, akapiga pasi ndefu iliyowapita mabeki wote ikamkuta winga wetu peke yake. Bao! Nilishangilia hadi sauti ikanikauka, na kila nilipopiga kelele nilimtazama kaka.

Mechi ilipokwisha moja bila, kaka alikuja akijichekesha, mkono kaunyoosha.

"Shemeji, yaishe. Rudi kwetu, timu inakuhitaji."

Gundi akavua glovu, akazibwaga kwenye kiganja cha kaka.

"Chukua. Safari hii udake mwenyewe."

Akaondoka, nami nikamfuata. Kaka akaniita, akaniita tena. Sikugeuka.