Mizinga Ishirini Iliyotazama Jua

Enzi zetu huku Inyonga, mtoto akitamba anapandishwa mtini akahakikishe. Siku hizi akitamba anapigwa picha.

Nakumbuka nikiwa darasa la nne. Binamu yangu Maganga, mkosaji namba moja, aliniapia kwamba mzinga ukitazama jua linapochomoza, nyuki lazima waingie. Nami kichwa maji nikamwendea baba: niache shule, tugeuze mizinga yote. Baba alikuwa mtu wa asali, ananuka moshi na nta hata kanisani. Hakunipiga. Aligeuza ishirini tu.

"Siku zote nusu ya mizinga ndiyo inaingia nyuki." Hilo neno la kwanza, linakaa mpaka lishindwe. Neno lako wewe ni lipi?"

"Zaidi ya nusu, baba."

"Na tunasemea mizinga yote ya hivyo porini, siyo hii ishirini tu. Ikizidi kidogo ni bahati. Nataka kumi na tano. Isipofika, unarudi kwa mwalimu. Na usibadilishe neno tukishaona."

Msimu ulipofika, mimi na Maganga tukatangulia kuchungulia. Mitano ya kwanza, mitupu! Wa sita haukuwa mtupu. Jioni, kwenye ugali na kisamvu, nikajikohoza: "Baba, nilikosea. Neno langu ni kwamba siyo nusu. Iwe zaidi, iwe pungufu."

Mama alicheka mpaka akapaliwa. "Huyu ameshachungulia!"

Baba akanitazama kope. "Na jicho limevimba kwa kuwaza?"

Tulipohesabu, yenye nyuki kumi na mmoja. "Sijasema nusu ndiyo kweli," baba akasema. "Nimesema haijashindwa. Kesho shule."

Kesho yake nikatoroka na Maganga kwenda kufunga tumbaku ya watu. Shule ikaishia hapo. Mkosaji namba mbili ni mimi.

Juzi binti yangu, anayesoma chuo Mpanda mjini, alikuwa anakariri: dhana ya kwanza: uwiano ni sawa na nusu; dhana mbadala: ni zaidi; zote ziandikwe kabla ya kukusanya takwimu. Kope ikaniwasha. Nikamwambia hayo nilifundishwa porini. Akasema, "Baba nawe!" akarudi kwenye simu.

Vijana wa sasa wanaona kwanza kwenye simu, ndipo wanasema walijua. Nawacheka, halafu naona aibu. Mizinga siku hizi ni ya mbao, baba hayupo, na mzee mzima napanda mtini bila mtu wa kuniuliza kwanza neno langu ni lipi.