Mchicha wa Kurudishia Sahani

Dada yangu Shadya ni fundi cherehani hapa Chukwani, na kusema kweli ana kijicho. Viwanja vyetu ni mawe matupu. Jirani yetu Bi Nadra alipata boriti za nyumba iliyobomolewa Mji Mkongwe, akazipanga mraba, akajaza udongo na samadi, na mchicha wake ukafika magotini. Kila mpita njia akausifu. Shadya roho ikamuuma.

Akatengeneza tuta lake, kubwa zaidi. Mchwa wasije wakala boriti zake, alizilaza kwanza baharini wiki mbili. Chumvi ikaingia udongoni, miche yote ikanyauka.

Ijumaa Bi Nadra akatuletea sahani ya vitumbua. Sahani ya jirani hairudi tupu, basi Shadya akaenda soko la Mwanakwerekwe, akanunua fungu la mchicha, akairudisha sahani na fungu hilo.

"Nimeuchuma kwangu, Bi Nadra."

Bi Nadra akaushika utepe uliofunga fungu lile. Ulikuwa wa kanga yake kuukuu, aliyoichana mwenyewe alfajiri kabla hajapeleka mchicha wake sokoni.

"Hongera, mwanangu. Na kanga yangu nayo imeota kwako?"