Penalti Kwenye Nyasi za Mama

Uwanja wetu, upande wa Adu, ulikuwa vumbi tupu hadi mwenye shamba alipotupandia nyasi kwa sharti moja: akirudi akizikuta hai, uwanja ni wetu, akizikuta zimekufa, anakata viwanja na kuuza. Akapanda gari akarudi zake Malindi. Mvua nayo ikaondoka naye.

Maji kwetu ni ya kuteka bombani na kubeba kichwani, na bomba lenyewe hutoa maji likijisikia. Mimi, nahodha wa timu, nilipotamka kwamba tuzigawie nyasi kidogo, wanawake walinitazama kana kwamba nimeomba kuosha mbuzi kwa maziwa. Hata hivyo tuliafikiana. Maji ya kunywa hayatii mguu uwanjani. Nyasi zitapewa yaliyooshea mchele na yaliyosuuzia nguo, tena jua likishatua, yasikauke bure. Kila mji, yaani kila boma, ukapewa kipande chake.

Hapo ndipo wazimu ulipoanza. Mjane aliyepewa kona ya kushoto alikataza mtu kupiga kona kwake, akaleta na kiti cha kulindia. Refa alijifunza kupiga hodi. Mama yangu mzazi aliangukiwa na nukta ya penalti, nami, ili nile chakula cha jioni kwa amani, nikawasihi mabeki wetu wasimguse mtu. Tukawa timu yenye adabu kuliko zote, tukafungwa na kila aliyepita.

Siku mwenye shamba aliporudi, tulikuwa tunacheza na majirani. Aliketi pembeni, macho kwenye nyasi. Mara beki wa wageni akamwangusha mwenzetu mbele ya lango la upande wa Mama, filimbi ikalia: penalti yetu.

Kabla sijaweka mpira, Mama aliingia na karai lake, akakaa kitako juu ya nukta.

“Mama, inuka,” nikamnong'oneza. Nilitamani ardhi inimeze.

“Siinuki. Niitie bwana yule.”

Mwenye shamba akaja, akainama. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ulisema ukizikuta hai, huuzi. Umezikuta?”

“Nimezikuta.”

“Basi sema, wakusikie hata wa lango la kule.”

Mjane akasimama juu ya kiti chake. Yule bwana alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye.

“Siuzi!” akapaza sauti. “Uwanja ni wenu.”

Mama akainuka, akajipangusa kanga, akaniamuru nivue viatu kwanza. Nikavua. Furaha ilinizidi hata miguu ikawa si yangu. Mpira ukapaa juu ya lango, ukaishia vichakani.

Mama hakuutazama. Alikuwa ameketi tena, pale nilipochimbua kwa kidole gumba cha mguu, karai la maji ya mchele mapajani, akisubiri jua litue. Refa aliangalia saa yake, akaangalia jua, naye akakaa.