Dhambi Aliyoitubu Restuta

Shangazi Restuta si shangazi yangu wa damu. Ni mtu wa Kamachumu, kule Bukoba, na hakuna Mtanzania wa Walthamstow, hapa London, ambaye hajala chakula chake na kukaripiwa naye siku hiyo hiyo. Ukimwona anavyowaamrisha wazee wa kanisa wapange viti, utadhani mama huyu hajawahi kumwogopa mtu. Thubutu! Mwaka 1973 kengele ya mlango tu ilimtoa jasho, na kama si yeye mwenyewe kunisimulia, ningebisha.

Alikuja London na familia ya Kihindi. Alikuwa yaya wao Kampala kwa miaka sita, na Wahindi walipofukuzwa Uganda, Memsabu Bhanu alimbeba pamoja na watoto na masufuria. Walipofika Ilford, Bhanu aliifungia pasipoti ya Restuta kabatini. "Isipotee," alisema. Ukiniuliza mimi, mtu mzima anaweza kutunza kitu chake. Restuta alilala jikoni, akaamka kabla ya wote, na ruhusa ya kutoka aliipata Jumapili mchana tu, kwenda kusali na akina mama wa Jamaika sebuleni kwa Mama Solomon, Walthamstow.

Jumapili moja ya Februari, Bhanu aliusahau ufunguo kwenye kabati. Restuta akafungua, akaitia pasipoti kifuani, akapanda basi la kwenda kwa Mama Solomon. Hakukusudia kurudi. Njia nzima kila aliyevaa kofia alimdhania polisi, na moyo ulimdunda hadi akaogopa abiria wa jirani angeusikia.

Sasa, Restuta alikuwa ameokoka huko huko Kampala, na waliookoka wa kwetu wana desturi yao: dhambi haifichwi. Unasimama mbele ya ndugu na kuitaja, hata ikiwa ni kijiko cha sukari. Kwa wale akina mama, ushuhuda ulikuwa kitu kingine. Mmoja alieleza Mungu alivyomponya mguu, mwingine alivyopata kazi hospitali. Restuta hakuitambua tofauti hiyo. Alijua tu zamu yake ya kusimama imefika. Akitubu, polisi. Asipotubu, Mungu. Akamwogopa Mungu zaidi.

"Nimeiba," alisema, akaitoa pasipoti. "Nimefungua kabati la bibi yangu, nikaiba."

Mchungaji Douglas, mwanamume pekee mle ndani, mtu mwema ila mwepesi wa ushauri, alimshukuru Mungu kwa moyo mnyofu wa dada huyu. Kisha akamkumbusha habari za Hajiri, mjakazi wa Sara, ambaye malaika alimkuta ametoroka akamwambia arudi kwa bibi yake.

"Nitakupeleka kwa gari langu, mwanangu. Utairudisha, na moyo wako utatulia."

Restuta aliitikia. Alijua akiingia nyumba ile hatatoka tena, lakini kuitikia ndiko alikofundishwa.

Mama Solomon, mwenye nyumba, alivaa miwani akaichukua pasipoti. "Jina la nani hili?"

"Langu."

"Na picha?"

"Yangu."

"Sasa umeiba nini?" Hakungoja jibu, akamgeukia mchungaji. "Nyanya yake mama yangu alizaliwa utumwani. Walimwambia kutoroka ni wizi, eti anamwibia bwana wake mwili wake mwenyewe. Na alisomewa huyo huyo Hajiri. Mbona hukutaja kwamba Sara alimtesa? Mbona hukusema Hajiri ndiye aliyempa Mungu jina, Mungu anayeniona?"

"Lakini malaika alisema arudi, Dada."

"Alisema. Na sisi bado tunamwuliza Mungu kwa nini."

Siku hizi maprofesa wanafundisha theolojia ya wanawake Weusi, na ya wenzao wa Amerika ya Kilatini, na Hajiri wanamtaja sana. Hongera zao. Ila Shangazi anasema siku ile hakupata faraja yoyote, alipata hofu mpya. Kama si dhambi, basi hapakuwa na wa kumrudisha wala wa kumzuia. Ilibidi aamue mwenyewe.

Kengele ikalia. Alikuwa Bhanu, aliyejua Restuta husali wapi, koti juu ya sari, macho mekundu.

"Restuta, watoto wanalia. Lete hiyo kitabu, twende."

Mkono wa Restuta ulinyooka wenyewe. Mama Solomon alikuwa amemrudishia pasipoti, na hakuna aliyemshika wala kumwambia neno. Bhanu aliikamata upande mmoja. Restuta hakuachia. Wakasimama hivyo mlangoni.

"Memsabu, naogopa," Restuta alisema.

"Na mimi naogopa!" Bhanu alianza kulia. "Askari walitufukuza kama mbwa. Hapa sijui mtu. Najua wewe tu."

Restuta alimwonea huruma, huruma ya kweli, na nusura aachie.

"Wewe unaiogopa nchi hii, Memsabu," alisema. "Mimi nakuogopa wewe."

Bhanu akautazama mkono wake mwenyewe juu ya pasipoti ile, akauondoa.